Kompyuta zenye jina moja na makufuli ya NFS yanayopotea

Ukinakili diski moja ya Linux kwenye kompyuta zote za maabara, iwe chuoni Iyumbu au ofisini Mtumba, halafu folda za watumiaji zikatoka kwenye seva moja ya NFS (mfumo wa kushirikisha folda kupitia mtandao), siku ya kwanza kila kitu hukubali. Baadaye Firefox inaanza kukwama, faili zinarudisha "Input/output error", na dmesg, amri ya kuonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), inaandika "Lock reclaim failed!". Wengi hukimbilia kubadilisha swichi na nyaya. Anzeni na jina la kompyuta.

Katika NFSv4, seva haimtambui klaenti (kompyuta inayotumia folda zake) kwa anwani ya IP. Klaenti anajitambulisha kwa vitu viwili: maandishi ya utambulisho, na alama inayobadilika kila anapowaka upya. Kwenye Linux maandishi hayo kwa kawaida ni "Linux NFSv4.2" likifuatiwa na jina la kompyuta, basi. Zikiwa mbili zote zinaitwa localhost.localdomain, ni bajaji mbili zenye namba moja ya usajili. Ya pili ikija, seva inaona utambulisho uleule wenye alama tofauti, inahitimisha kuwa klaenti amezima na kuwaka, na inafuta makufuli yote ya ile ya kwanza, yaani alama zinazozuia wawili wasiandike faili moja kwa wakati mmoja. Ya kwanza nayo inajisajili upya, inaifutia ya pili. Mchezo hauishi.

Mkitumia Kerberos (mfumo wa kuthibitisha utambulisho), seva hukataa kwa NFS4ERR_CLID_INUSE, maana wenye utambulisho ni wawili tofauti. Afadhali hivyo, kosa linaonekana. Kwa sec=sys, yaani bila Kerberos, hakuna anayekataliwa.

Kwenye seva ya Linux yenye kerneli 5.3 au zaidi, angalia:

grep -H . /proc/fs/nfsd/clients/*/info

Soma mistari ya name na address. Jina moja ambalo anwani yake inabadilikabadilika ndilo lenye tatizo.

Dawa ya kwanza ni hostnamectl, amri ya kubadilisha jina la kompyuta: kila kompyuta na jina lake. Ya pili, ambayo mimi naiona ya lazima kwa diski zilizonakiliwa, ni kuweka kitambulisho cha kudumu, mara moja kwa kila mashine:

echo "options nfs nfs4_unique_id=$(uuidgen)" > /etc/modprobe.d/nfs.conf

Iendeshe baada ya kunakili, si kabla, la sivyo umenakili na kitambulisho. Wala usiiweke kwenye skripti ya kila kuwaka: umeme ukikatika na kompyuta ikarudi na kitambulisho kipya, seva itaendelea kushikilia makufuli ya yule wa zamani mpaka muda wake uishe, kwa kawaida sekunde 90. Kisha washa upya na uhakiki kwa kusoma /sys/module/nfs/parameters/nfs4_unique_id. Kama moduli ya nfs (kipande cha kerneli kinachoshughulikia NFS) inapakiwa na initramfs, mfumo mdogo unaotangulia Linux inapowaka, tengeneza initramfs upya, vinginevyo mpangilio hautasomwa.

Kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta moja) zenye mtandao wake huhesabiwa kama klaenti tofauti. Hizo huandikiwa kitambulisho ndani ya /sys/fs/nfs/net/nfs_client/identifier kabla ya mount, yaani kabla ya kuunganisha folda.

Kuna watakaokushauri uwashe recover_lost_locks, mpangilio wa klaenti wa NFS, ili kosa linyamaze. Usikubali. Klaenti atachukua tena kufuli bila kujua kama mwingine ameshaandika kwenye faili hilo katikati, na data itaharibika kimyakimya.