Old Fashioned ya korosho, jikoni kwangu Bamburi

Jumamosi joto lilikuwa la kuua, nikasema leo sitoki, natengeneza Old Fashioned, ile kokteli ya wiski, hapa hapa nyumbani lakini ya korosho. Nilichukua robo kilo Marikiti, nikazikaanga kavu moto mdogo mpaka zikanukia, na hapo usiguse simu manake zinaungua ghafla (za kwanza zote zilienda jaani). Nikazipondaponda kwa kinu, nikazitia kwa jagi na nusu lita ya bourbon (wiski ya Kimarekani), nikafunika usiku mzima, asubuhi chujio la chai halikufua dafu ikabidi nitumie kitambaa cha kuchujia tui, tena mara mbili, halafu friza kidogo mafuta yagande juu niyatoe.

Kwa glasi ni mililita 60 za hiyo wiski, kijiko cha chai cha sukari guru iliyoyeyushwa na maji moto, matone mawili matatu ya Angostura (ile dawa chungu ya kutia ladha kwenye kokteli), na barafu donge kubwa, vile vidogo kwa joto hili utakunywa maji. Koroga polepole, usitikise. Juu kamulia ganda la chungwa.

Shemeji kaonja tu akasema, "Mbona kama kashata?" Glasi hakurudisha.