Mululuza na amonia: raundi ya kwanza imeenda na maji

Haya jamani, wiki ya sita hii na karibu nimerudi pale nilipoanzia. Mnakumbuka natesti majani ya mululuza, ule mti mchungu jajja alikuwa anatuchemshia tukishikwa na homa, naangalia kama unashusha amonia kwenye damu ya panya. Amonia nyingi inatoka tumboni, bakteria wakishughulika na protini tunazokula, halafu ini linaigeuza yurea tunaikojoa, sasa ini likichoka amonia inapanda mpaka kichwani, mtu anachanganyikiwa, mikono inapepea, mwisho anazimia kabisa. Panya wangu siwaharibu ini, nawadunga tu amonia kloridi miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito, mara 3 kwa wiki.

Sasa majibu ya raundi ya kwanza. Panya niliowapa maji tu, hawajadungwa wala hawajaonja mululuza, amonia yao ilikuwa juu kushinda wale waliodungwa! Siku mbili silali, nashuku mizani, nashuku sindano, nashuku hata maji ya bomba. Mzee wa maabara akaja na kikombe chake cha chai akaniuliza kitu kimoja tu, "Mwanangu, hii damu ilikaa wapi kabla ya kuzungushwa?" (kwenye mashine inayotenganisha seli na maji ya damu). Mezani, mzee. Wale wa maji niliwaanza wao, tyubu zao zikakaa karibu saa nzima nikimalizana na wengine, na stima nayo ilipotea kidogo siku hiyo. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Kumbe damu ikishatoka mwilini haitulii, seli zinaendelea kutengeneza amonia humo humo ndani ya tyubu, na joto la Kampala linazisaidia. Sikuamini kwa mdomo, nikachukua damu ya panya mmoja nikaigawa mara mbili, nusu kwenye barafu, nusu mezani saa moja, halafu nikaweka fenoli na haipokloraiti (ndugu yake ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) ambayo ikikutana na amonia inageuka bluu. Ya barafu ikatoka bluu ya mbali kama anga ya asubuhi, ya mezani kama yunifomu ya shule. Panya ni huyo huyo mmoja!

Kwa hiyo raundi yote ya kwanza nimeitupa, inauma lakini afadhali. Sasa natumia tyubu za kizibo cha zambarau (zile zenye heparini ya amonia, dawa ya kuzuia damu isigande, usiziguse, utakuwa unapima amonia ya tyubu), barafu nanunua kwa wauza samaki pale Ggaba, boksi linanuka sangara lakini linashika baridi, na damu natolea chumba kingine kwa sababu mikojo ya panya kwenye keji ni amonia tupu, ukiingia asubuhi macho yanawasha.

Dawa yenyewe haina shida. Majani nilikausha kivulini, nikasaga, nikaloweka kwenye ethanoli siku 3, ikikauka inabaki kama lami ya kijani inayoganda kwenye kijiko, niliramba kidogo na rolex yangu ya mchana (chapati ya kukunja na mayai) ikawa chungu hadi mwisho.

Kinachonisumbua ni kwamba panya wa mululuza wanakula kidogo. Wakila kidogo protini inapungua, amonia inaweza kushuka bila dawa kufanya chochote, halafu mimi nishangilie njaa. Nimeongeza kundi lingine ambalo napima chakula chao kiwe sawasawa na walichokula wa mululuza jana yake, hawapati dawa. Kazi imeongezeka, kila asubuhi napima makombo kama muuza dhahabu.

Jirani amekuja kuniomba chupa moja ya kaka yake mwenye ini bovu. Nikamwambia hapana, dada yangu, hata panya bado hawajanijibu, mrudishe hospitali. Alinuna, jana hakunisalimia.

Jumamosi natoa damu ya raundi ya pili. Barafu nishaagiza, na safari hii nachanganya zamu, panya mmoja kutoka kila kundi, sio kundi moja likae mwanzo lote.