Leza imeuona ukuta, mimi bado

Mchana nilikuwa na ukuta wa Songo Mnara, magofu ya mji wa kale wa Waswahili kwenye kisiwa karibu na Kilwa, mbele yangu. Usiku huu ninao kwenye kompyuta, naugeuza nitakavyo. Skana ya leza imeuchukua wote, wakati mimi na futi kamba, timazi na penseli nimemaliza kuchora kidaka kimoja tu, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu. Kwa vipimo sibishani nayo. Kuta hizi za matumbawe na chokaa zina mapindo yake, na mkono unaochora una tabia ya kunyoosha palipopinda. Mashine haimsitiri mwashi.

Ila nilipokuwa nachora kile kidaka ilinibidi niamue: mstari huu ni ufa, au ndipo ukuta wa baadaye ulipoegemezwa kwenye wa zamani? Niru, yaani lipu ya chokaa, imepita juu ya maungio au imeishia hapo? Nikainama nitazame kwa mwanga wa pembeni, nikamwita mwenzangu, tukabishana mpaka jua likatuchoma. Kwenye skana mstari huohuo upo, wazi kabisa, na hakuna aliyeuuliza chochote. Tutautazama ofisini, twasema. Sijui ni kuta ngapi zimelala kwenye diski zikisubiri hiyo ofisini.

Si kwamba naogopa mitambo. Hapahapa kisiwani, magnetomita, kifaa kinachopima tofauti za usumaku ardhini, ilipopitishwa kwenye viwanja vilivyoonekana vitupu kati ya majumba ya mawe, ilionyesha madoa. Watafiti wakachimba, wakakuta mabaki ya nyumba za miti na udongo. Bila kifaa kile tungeendelea kuusimulia mji huu kana kwamba waliishi matajiri peke yao. Lakini doa ni doa. Kulisema ni nyumba, ilibidi mwiko wa kuchimbia ushuke.

Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, ndiyo hunifunga mdomo. Nyayo za mababu wa binadamu za miaka milioni 3.66, zilizofukuliwa na timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970, zilifukiwa tena zisiharibike. Hata hivyo migunga ikaota juu ya kifusi na mizizi yake ikawa tishio jipya. Huwezi kuzifukua kila mwanafunzi anapotaka kuziona. Pale nakala ya kidijitali haina mpinzani.

Kesho nitaomba tubadili utaratibu: skana itangulie, tuchape umbo la ukuta kwenye karatasi, kisha turudi nalo palepale ukutani tuweke alama za maungio kwa penseli. Kiongozi wetu atalalamikia muda. Wacha alalamike.