Barua iliyopaswa kunirudia

Mzee aliingia chumbani kwangu amevaa kandambili. Viatu vilikuwa havimwingii tena. Miguu imevimba, na mkojo, alisema kwa aibu, unatoka kidogo sana. Mimi ni daktari wa familia yao kwa miaka mingi. Nikamuuliza kama kuna dawa mpya. "Hapana, daktari, ni zile zile zako." Binti yake ndiye aliyefungua mkoba akatoa diklofenaki, vidonge vya maumivu.

Kumbe wiki tatu nyuma walikwenda kliniki binafsi kumwona bingwa wa mifupa kwa ajili ya goti. Siwalaumu hata kidogo. Kwa foleni ya kawaida angesubiri miezi. Kule alipigwa picha siku hiyo hiyo. Na kuhusu goti bingwa hakukosea: gegedu imelika, maumivu ni ya kweli. Ila hakujua kwamba mzee humeza enalaprili, dawa ya presha, na dawa ya kukojoza kila asubuhi.

Dawa hizo tatu zikikutana, figo zinaweza kuumia. Ya kukojoza hupunguza maji mwilini. Diklofenaki hubana mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio la figo, enalaprili nayo hulegeza ule unaoitoa, basi msukumo wa kuchuja unaanguka. Kreatinini yake, taka ya damuni inayopanda figo zikishindwa kuchuja, ilikuwa imekaribia kuwa maradufu. Diklofenaki tukaiacha siku ile ile, zile mbili nikazipumzisha kwa muda. Ilichukua wiki kadhaa figo kutengemaa.

Nilikasirika sana. Kisha nikajiuliza: mzee huyu ametoka kwangu mara ngapi bila hata karatasi yenye orodha ya dawa zake? Mwenzangu angejuaje?

Tangu hapo kila mgonjwa wangu anayekwenda kwa daktari mwingine, nimemtuma au amekwenda mwenyewe, naomba abebe barua. Ni fupi: magonjwa yake, dawa na dozi zake, mzio, majibu ya karibuni ya figo, na swali moja ninalotaka lijibiwe. Chini naomba nijibiwe: umeona nini, umeanzisha dawa gani, umeachisha ipi, na vipimo ulivyoagiza majibu yake atayafuatilia nani. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Nimewahi kukuta kwenye faili majibu ya damu ya miezi minne nyuma, kila mmoja wetu akidhani mwenzake ameshayasoma.

Lipo ombi ninalolikataa, na najua wagonjwa hawalipendi: kuendeleza dawa ya bingwa bila maelezo ya kuifuatilia. Methotreksati ya baridi yabisi, kwa mfano, humezwa mara moja tu kwa wiki, na damu na ini lazima vipimwe. Mtu akiimeza kila siku inaweza kumuua. Nikiiandika mimi, dhamana ni yangu. Kwa hiyo napiga simu kwanza, hata kama nje wamejaa wanaosubiri.

Yule bingwa wa mifupa nilimpigia pia. Hakujitetea; aliniuliza kreatinini imefika ngapi, akaandika. Mwezi uliopita mzee alitoka kwake na bahasha ya kuniletea. Ndani: dawa ya kupaka badala ya ya kumeza, mazoezi ya misuli ya paja, na mstari wa mwisho, "Figo zipimwe tena baada ya wiki mbili, majibu uyasome wewe." Nilizipima Jumanne, nakala nikamtumia.