Kwa mnaotunga mashindano ya hesabu ya mtandaoni, Lindi na Mtwara

Wenzangu mnaowatungia vijana wa Masasi, Newala na Nachingwea: maswali 25 kwa dakika 75, kama AMC 10, shindano la hesabu la wanafunzi wa Marekani, yanatosha kabisa. Jibu sahihi alama 6, swali lililoachwa wazi 1.5, kosa 0. Kwa chaguo tano, kubahatisha huleta wastani wa 1.2, hivyo kuacha ni bora.

Kazi kubwa ipo kwenye chaguo zisizo sahihi. Kila moja itokane na kosa halisi la mwanafunzi. Bei ya korosho ikipanda 10% kisha ikashuka 10%, inabaki 99% ya mwanzo. 100% lazima iwemo, maana ndipo wengi hunasa. Namba za kuokoteza hazipimi kitu!

Lugha nayo. “Korosho zikifungwa saba saba zinabaki 3, tano tano zinabaki 2. Ni ngapi?” 17 ni jibu, 52 pia. Ongezeni “idadi ndogo kabisa”, la sivyo kundi litakesha likibishana.

Mpeni mtu ambaye hajayaona maswali ayafanye yote kwa muda uleule, bila majibu. Vipeo na sehemu tumeni kwa picha. Kwenye ujumbe wa kawaida x² hugeuka x2.