Bibi, Eliya na viazi vya kwenye majivu

Mwezi wa sita 2013 tulimzika mama kijijini kwetu Njombe. Wanaopajua wanajua mwezi huo kukoje, asubuhi unakuta sakitu nyeupe kwenye majani na ukiongea mdomo unatoa moshi. Msiba ulipoanuliwa kila mtu akashika njia yake, nikabaki mimi na bibi mzaa mama. Kazini Dar nilikuwa nimeomba siku saba tu ila nikajikuta niko wiki ya tatu, simu nimezima, silali, na chakula nikipewa nakivuruga vuruga kwenye sahani af nampa mbwa.

Wakati wa msiba niliambiwa kila kitu. Jikaze, wewe mwanaume. Kazi ya Mungu haina makosa. Hii ya pili ndo ilinichoma zaidi maana mama nilimuuguza mwenyewe miezi minne na nilijua alivyoteseka, kwa hiyo nikasema sawa, kama hiyo ndo kazi yake basi mimi naye tusijuane.

Sasa bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kila usiku mama ndo alikuwa anamsomea Biblia. Siku moja tuko jikoni tunaota moto akaniletea ile Biblia, Union Version ya zamani ambayo gamba limeshonwa na uzi wa gunia, akasema mume wangu, nisomee, aliyekuwa ananisomea ameniacha. Bibi kampoteza mtoto wake wa kumzaa halafu mimi nimkatalie? Nikasoma. Nilikuwa nasoma kwa hasira, mbio mbio nimalize nikalale, akanidaka, "We mume wangu, mbona unakimbia kama umeiba?"

Mama alikuwa ameishia Wafalme wa Kwanza, kwa hiyo tuliendelea hapo hapo, sikuchagua. Usiku wa tatu au wa nne tukafika sura ya 19. Eliya amekimbia anatishiwa kuuawa na malkia Yezebeli, amefika jangwani kakaa chini ya mti, anamwambia Mungu "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu". Nikakwama. Yaani sauti iligoma kabisa, maana hilo neno yatosha nilikuwa nalisema kila usiku kwenye blanketi na sikujua kama limo humo, tena limesemwa na nabii. Bibi akanyamaza tu, akawa anachokoa majivu na kijiti.

Nikaendelea. Eliya akalala, malaika akamgusa, na ndugu zangu nilikuwa nasubiri hapo malaika amchape mahubiri, mbona unakata tamaa, imani yako iko wapi, kama nilivyofanyiwa mimi. Hamna. Alimwambia "Inuka, ule". Basi. Kuna mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena.

"Rudia hapo pa mkate," bibi akasema. Nikarudia. Huku nyuma amepapasa kiazi kwenye majivu, anakirusha mkono huu mkono huu, anakimenya kwa kucha bila kuona, akakidonyoa kwenye chumvi na kunishikisha. Kilikuwa kinaunguza vibaya. Nikala huku nalia, makamasi na chumvi vyote humo humo, na bibi wala hakusema nyamaza. Nilipomaliza akanipa kingine, "Malaika alikuja mara mbili, au nimesikia vibaya?" Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Usiku ule nililala mpaka jogoo wanawika.

Sisemi niliamka nimepona. Hasira na Mungu ilibaki muda mrefu tu, ila kuanzia siku hiyo nilikuwa namwambia mwenyewe badala ya kumnunia. Na usiku tukawa tunasoma taratibu, saa nyingine mistari mitano tu bibi anataka tuijadili mpaka moto unazima. Aliniuliza mretemu, ule mti aliokaa Eliya chini yake, ni mti gani, nikawasha simu kutafuta, ni kichaka tu cha jangwani. Akasikitika, "Masikini, kumbe hata kivuli hakupata cha maana."

Siku ya kurudi Dar alinisindikiza mpaka barabarani kashika bega langu, akanipa mfuko wa rambo una viazi vya moto. "Safari hii ni kubwa mno kwako," akasema, mstari wenyewe kabisa wa yule malaika, kaushika kwa kichwa. Basi kufika Makambako nilishavimaliza vyote.