Gari inalia bip na nyuma hakuna kitu: mbele ya kununua kapteri, pima hivi

Ndugu zangu wenye magari hapa Goma, leo nataka tuongee juu ya kapteri za parkingi, vile vidude vya mviringo vyenye viko ku parshoki (bampa) ya nyuma na vinafanya gari ilie bip ukikaribia kitu, na magari ingine iko navyo mpaka mbele. Kila musimu ya mvula ikifika naona watu wanahangaika navyo, gari inalia biiiip yenye haikatike na nyuma hakuna ata kuku, ao inanyamaza kabisa mpaka unasikia parshoki imegusa ukuta. Unaenda kwa mekano, anaangalia dakika mbili, anakuambia kapteri zimekufa, leta makuta tununue zote ine. Mimi sikubali hiyo. Mara mingi kapteri yenyewe haiko na shida, shida iko kando yake, na kuipata unahitaji tu akili kidogo na kitambaa.

Kwanza tuelewane inafanya aje kazi. Ndani ya kila kapteri kuko kasahani kadogo ka aluminiumu, nyuma yake kipande cha seramiki chenye kinatetemeka ukikitumia umeme. Inapiga sauti yenye sikio ya mutu haisikii, juu masikio yetu inaishia karibu na kilohezi 20 na yenyewe iko kilohezi 40 ao zaidi. Kisha inanyamaza na kusikiliza, sawa vile mutoto anapiga kelele mbele ya mulima na sauti inamurudilia. Sauti inakimbia karibu mita 340 kwa segonde moja, kwa hiyo ukuta ukiwa mita moja nyuma yako, ile sauti inaenda na kurudi mu milisegonde 6 hivi, kabokisi ka kompyuta kenye kako mu kofri (nyuma fasi ya mizigo) kanapiga hesabu na kanakulilia bip. Ukikaribia sana, magari mingi ni karibu sentimita 30, bip zinaungana zinakuwa moja ndefu. Njo hivyo tu. Ukijua kama ni mambo ya kutetemeka na kusikiliza, utaelewa juu ya nini vitu vidogo sawa matope vinaiharibia kazi.

Na Goma yetu iko na matope na vumbi ya namna yake. Hii vumbi nyeusi ya volkano inaingia fasi yote, mvula ikipiga inakuwa uji, gari ikitoka Ndosho ao ku barabara ya Sake parshoki yote inakuwa imepakwa. Ule uji ukikauka juu ya kasahani, kasahani hakatetemeki tena vizuri, ao sauti inarudi pale pale na kompyuta inafikiri kuko kitu kimeigusa. Kwa hiyo kitu ya kwanza, mbele ya kuita mutu yeyote, ni kuosha. Lakini kuosha na mukono, maji, sabuni kidogo na eponji, pitisha kidole ku mviringo wote juu matope inajificha ku kale kanafasi kenye kako kati ya kapteri na parshoki. Naomba sana, musiache vijana wa lavaji waweke ile bomba ya maji ya presha karibu na kapteri. Presha inasukuma maji nyuma, inaingia mu prizi (fasi fili zinachomekwa), na wiki ijayo unakuwa na shida yenye haukukuwa nayo. Na kama gari imetoka tu kuoshwa na inalia ovyo, iache ikauke mbele ya kufanya kitu ingine.

Umeosha na bado? Sasa tunasikiliza. Tafuta fasi tambarare, vuta fren a mé (breki ya mukono) vizuri, weka jiwe nyuma na mbele ya magurudumu (mawe hapa petu hatukosi), moteri imezimwa, weka kontakti tu na uingize marshariyeri (vitesi ya kurudi nyuma). Enda nyuma, chuchumaa, karibisha sikio ku kila kapteri moja moja. Yenye iko nzima utasikia kasauti tik tik tik tik, kadogo sana, na ukiweka kidole polepole juu yake utasikia inatetemeka. Ile sauti ya kilohezi 40 hauisikii, lakini kila mara inapopigwa kasahani kanashtuka, na ule mushtuko njo sikio inashika. Fanya asubuhi mapema mbele ya pikipiki na majenereta kuanza kelele. Kapteri tatu zinafanya tik na moja imenyamaza, sasa umejua fasi ya kuangalia, na haukulipa mutu ata franga moja. Zote ine zikinyamaza, usifikirie kwanza kama zote zimekufa, ni nguvu zote zikufe siku moja, angalia fizibli (fyuzi), angalia kabokisi ka mu kofri, angalia kama taa ya marshariyeri inawaka, na angalia kama hakuna mutu alizima ku tablo.

Hiyo ya kuzima naisema juu magari mingi hapa inatoka Japani, Toyota mingi iko na kabutoni kadogo ku upande wa usukani kenye kanazima sonar (njo hizi kapteri), kako na picha ya gari na mawimbi, watoto wanakabonyeza, mutu wa lavaji anakabonyeza akipanguza, na mwenye gari anazunguka magaraji yote. Angalia kale kabutoni mbele.

Pia sikiliza namna gari inalia. Magari mingi ya Ulaya ukiingiza marshariyeri inatoa bip moja ndefu ya segonde kama tatu kisha inanyamaza kabisa, hiyo haikuambii kama kuko ukuta, inakuambia mu mfumo kuko kitu kimeharibika na imeamua kujizima. Hapo ukiwa na mutu mwenye skaneri (mashini ya kusoma makosa ya gari) ya kweli, yenye inaingia mpaka ku kompyuta ya parkingi na si ya moteri tu, itakutajia ni kapteri gani, ya ndani kushoto, ya inje kuume, na kadhalika. Vile viskaneri vya bei ndogo vya bluutufu mara mingi vinasoma moteri tu, kwa hiyo mutu akikuambia "skaneri haikuona kitu" muulize ilisoma kompyuta gani.

Sasa umepata kapteri yenye imenyamaza. Mekano atataka kukimbia Birere kununua ingine. Muambie angoje. Tosha ile yenye imenyamaza na ile ya kando yake yenye iko muzima, badilisha fasi zao, kisha sikiliza tena. Unyamavu ukifuata kapteri, basi kapteri njo mugonjwa, nunua. Lakini unyamavu ukibaki pale pale, ukanyamazisha ata ile yenye ilikuwa muzima, kapteri haina kosa, mara mingi ni fili ao prizi. Ni kazi ya nusu saa ku magari mingi, ingine inaomba kushusha parshoki, na inakuokolea dola mingi. Shemeji yangu na RAV4 yake walimuambia kapteri zote ine, akaja kwangu amekasirika, tukabadilisha fasi, unyamavu ukabaki pale pale. Ilikuwa fili imekatika pale inapita nyuma ya parshoki, imesuguliwa na chuma mpaka ikakatika, barabara zetu zinatikisa gari na kila kitu chenye hakikufungwa vizuri kinajisugua. Fili ikaungwa, ikafungwa vizuri, gari ikaanza kuongea.

Ku fili usiende na macho tu. Kapteri mingi iko na fili tatu, moja ya umeme, moja ya masi (ile inarudisha umeme ku chuma ya gari), moja ya kuongea na kabokisi. Na voltimetri (kapima umeme), marshariyeri imeingia, kati ya umeme na masi unapashwa kukuta volti kama 8 mpaka 12, inategemea gari. Ukikuta sufuri, umeme haufike, shida iko ku njia yake mbele haujafika ku kapteri. Fungua prizi, ukiona unga wa kijani ku vyuma vya ndani, njo maji imekula. Safisha na dawa ya kontakti na karbashi kadogo, kausha, rudisha. Na usisahau kuko prizi moja kubwa yenye inaunganisha parshoki yote na gari, inakaa chini fasi ya matope, ikioza unaweza kupoteza kapteri mbili ao zote mara moja.

Kuko jambo ingine yenye inaniumiza, ni kazi ya tolye (mutu wa kunyoosha bodi na kupiga rangi). Parshoki ikigongwa, wanajaza mastiki, wanapiga rangi, inangaa, unalipa unafurahi, kisha kapteri inaanza kulia bila kukatika. Juu ya nini? Rangi imekuwa nzito juu ya kasahani, tabaka tatu nne, haiwezi kutetemeka. Ao ile pete ya mupira yenye inazunguka kapteri imepotea, na kazi ya ile pete ni kuzuia mutetemo usiingie mu parshoki, bila yenyewe kapteri inasikia parshoki yake yenyewe na inafikiri ni ukuta. Ao kapteri imerudishwa ikiinama kidogo, inaangalia chini, na kwetu chini ni mawe ya volkano yenye imesimama, inayaona yote na inalia. Wengine wanapaka silikoni pale mbele ya kapteri. Ukipeleka gari kwa tolye, muombe atoshe kapteri mbele ya kuanza, na kama rangi ya kapteri ni lazima ifanane, apige tabaka moja nyembamba sana, akiwa nayo mu mukono, si ikiwa mu parshoki.

Wenye mumenunua kits zenye zinauzwa mu bokisi, zenye mutu anatoboa parshoki, hapo makosa mingi ni ya kuweka. Ku mugongo wa kapteri kuko kamushale ao neno ya kuonyesha upande wa juu, ukiigeuza inaona ardhi. Fili ziko na herufi A, B, C, D, zinafuatana kutoka upande moja kwenda ingine, ukizichanganya tablo itakuambia hatari iko kushoto na yenyewe iko kuume. Urefu kutoka chini, sentimita 50 mpaka 70 njo muzuri. Umeme wanaukamata ku fili ya taa ya marshariyeri, na ku magari zingine za Ulaya ule umeme unakuja ukikatakata, kits inazimika na kuwaka, hapo inaomba relé (kaswichi kenye kanaendeshwa na umeme). Na fili zisipite karibu na fili kubwa za radio ao ampli.

Musilaumu kapteri pia kwa vitu vyenye mumeongeza wenyewe. Parbifli (chuma ya kukinga) mbele ya Prado, chuma ya kuvutia nyuma, plaki yenye imepinda na kutoka inje, vyote inaviona na kulia. Na gari yenye gurudumu ya akiba iko ku mulango ya nyuma, kama umeweka kits ku parshoki, jua kama inapima kutoka parshoki, si kutoka gurudumu. Inakuambia ungali na sentimita 30 na gurudumu tayari iko mu ukuta.

Na hapa sasa nataka munisikilize vizuri kuliko fasi yote, juu kapteri ata ikiwa mupya na safi kabisa kuko vitu haivione. Chukudu (ile trotineti ya mbao ya kubeba mizigo) yenye imelazwa chini, iko chini ya fasi yenye kapteri inaangalia. Fer a beto (chuma ya kujengea) yenye imetoka mu ukuta, nyembamba, sauti inapita kando. Mutu mwenye amevaa koti nzito, nguo inameza sauti. Kanivo (mufereji ya maji) yenye haina kifuniko haitaiona ata siku moja, juu shimo hairudishi sauti. Na mutoto mudogo mwenye amechuchumaa karibu kabisa na parshoki anaweza kuwa chini ya fasi yenye inaangalia. Mu parsele zetu watoto wanacheza nyuma ya magari, munajua wenyewe. Na tena gari zetu mingi usukani uko kuume na tunaendesha upande wa kuume, ukirudi nyuma upande wa kushoto wa gari hauuone vizuri. Mbele ya kuingiza marshariyeri mu parsele, shuka uzunguke gari na macho yako. Mimi nafanya hivyo kila siku na sitaacha.

Turudi ku kununua, kama umepima na umeona kapteri kweli imekufa. Usikubali "zote ni moja". Kwa macho zinafanana, lakini ku mugongo kuko namba, na umbo ya prizi, na pembe ya kichwa, ya kati na ya kona mara ingine hazifanane. Tosha ya zamani, enda nayo mu mukono, linganisha namba mpaka herufi ya mwisho. Okazyo (yenye ilishatumika) si mubaya, mingi ni zima, lakini usilipe mbele ya kuipima, chomeka tu ku prizi ya gari yako bila kuifunga, ingiza marshariyeri, karibisha sikio. Ikifanya tik tik, toa makuta. Isipofanya, murudishie mwenye duka pale pale, na ile ya zamani usimuachie mekano, beba urudi nayo.